Boti Mbili: Moja Kavu, Moja Imezama

Liuli, Ijumaa, wiki ya kwanza ya Desemba.

Joto. Mvua haijadondoka hata tone, na ziwa limerudi nyuma mpaka mawe ambayo siku zote huwa chini ya maji yako nje, meupe kwa vinyesi vya ndege. Ni saa kumi na moja jioni. Nimekaa kwenye ngazi za nyuma za nyumba ya mama mdogo na miguu bado ina mchanga wa kijiji cha Kihagara.

Leo nimemwaibisha Baba mkubwa mbele ya watu.

Nataka kuandika tangu mwanzo, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo huwa nakwama katikati na watu wanamalizia wenyewe. Hapa hakuna wa kunimalizia.

Kwa wasionijua: naitwa Flora, nimemaliza kidato cha nne mwezi uliopita na sasa nasubiri matokeo. Kwetu ni Maguu, juu milimani, kwenye kahawa. Shule nimesoma huku chini ziwani, nikikaa kwa mama mdogo, mdogo wake Mama, aliyeolewa Liuli na anaanika usipa, dagaa wa ziwa hili. Baba yuko Maguu na shamba. Mama anauza maharage. Anayashusha kutoka milimani, na sasa anataka kuyafikisha kwenye vijiji vya mwambao ambako gari hufika kwa shida na masika halifiki kabisa. Kwa hiyo anatafuta boti ya mbao. Mpya hatuiwezi, kwa hiyo ni iliyokwisha kutumika. Injini atakodi.

Mama hajui kuogelea. Hilo ndilo nililokuwa nalo kichwani siku zote hizi tatu. Boti hii hatampa mtu aende nayo yeye abaki nyumbani. Atakaa humo mwenyewe, juu ya magunia, kila wiki, na mwezi wa saba mwera ukianza kuvuma kutoka kusini ziwa hili linabadilika kabisa. Mimi nimeliona likibadilika. Yeye ameliona likiwa limetulia tu, siku anazokuja kututembelea.

Mama alishuka Jumatano pamoja na Baba mkubwa, kaka yake Baba. Kwetu kitu kikubwa hakinunuliwi bila mkubwa wa ukoo kusema, na Baba ndiye aliyemwomba aje aseme. Sitaki mtu asome hapa akadhani Baba mkubwa ni mtu mbaya au mjinga. Ndiye aliyeninunulia daftari za kidato cha kwanza. Na kwa kahawa, hakuna anayemfikia. Anachukua punje, anaiuma, anasikiliza ule mlio, anakuambia irudi juani siku mbili au iende ghalani. Watu wanatoka vijiji vingine kumwita awaangalizie. Kwake unyevu ni ugonjwa. Kahawa yenye unyevu inaota ukungu na kurudishwa, na mtu anapoteza kazi ya mwaka mzima. Maisha yake yote kitu kikavu kimekuwa kitu kizima.

Ndivyo alivyokuja kununua boti.

Jana Alhamisi tuliangalia boti mbili. Ya kwanza iko Kihagara, ya Mzee Kasiani, ambaye alikuwa anavua zamani na sasa analima zaidi. Imewekwa juu ya magogo, kwenye kibanda cha nyasi, na haijaingia majini tangu mwezi wa tano. Imepakwa rangi ya bluu nje, na mstari mweupe umezunguka juu. Inapendeza. Baba mkubwa aliingiza mkono ndani, akapangusa mbao, akamwonyesha Mama kiganja.

"Kavu kabisa. Mama Flora, umeona? Mpaka vumbi lipo."

Alisema vumbi kwa furaha. Akaigonga ubavuni kwa vidole, ikalia. Akatikisa kichwa vile anavyotikisa akishauma punje nzuri.

Ya pili ipo hapahapa Liuli, ya Babu Stefano, mzee ambaye macho yamemkatalia na hawezi tena kwenda ziwani. Tulimkuta pembeni ya matete na fimbo yake. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha Baba mkubwa akauliza boti iko wapi.

"Hiyo."

"Hiyo wapi, mzee wangu?"

"Hiyo hapo. Chini ya hao bata."

Na kweli bata walikuwa wanaogelea, na chini yao, maji yakifika magotini, ilionekana boti nzima imelala ikiwa imejaa mawe makubwa. Baba mkubwa alitazama bata, akatazama boti, akamtazama mzee.

"Mimi nimeshuka kutoka Maguu kuja kununua kitu kilichozama?"

"Haijazama," alisema Babu Stefano. "Nimeilaza."

Mama mdogo alificha mdomo kwenye kanga. Baba mkubwa hakucheka. Aliaga kwa adabu, na tulipofika njiani akasema mtu mwenye kitu kizuri hakifichi ndani ya maji. Mama akaitikia ndiyo, ndiyo. Nilikuwa nyuma yao hatua mbili na nilijua kwamba wote wawili wamekosea.

Sikusema.

Nilijua kwa sababu banda la Fundi Yohana, anayetengeneza boti, lipo nyuma ya vichanja vyetu vya usipa. Miaka minne nimegeuza usipa juani huku nikimsikia akiongea na wateja, na mimi nikikaa kimya watu husahau kama nipo. Najua kwamba mbao za boti hunywa maji. Zikinywa zinavimba, zinasukumana, na ule upenyo kati ya ubao na ubao unajifunga wenyewe. Zikikaa nje ya maji miezi mingi zinasinyaa, upenyo unafunguka, na pamba iliyoshindiliwa katikati inalegea. Ndiyo maana mtu wa huku ambaye hatumii boti yake kwa muda, na anaipenda, anaijaza mawe na kuilaza kwenye kina kifupi. Babu Stefano hakuwa anaficha kitu. Alikuwa anaitunza, ingawa haoni vizuri tena.

Lakini si kwamba boti kavu ni mbovu. Hapa nataka niwe mkweli. Boti iliyokauka ukiirudisha majini itavuja kila upenyo siku ya kwanza, itakutia hofu, halafu baada ya siku mbili tatu inafunga. Tatizo ni kwamba ikiwa juu ya magogo huwezi kujua nini kitafunga na nini hakitafunga. Huko juu kila boti ni nzuri, hasa ikiwa na rangi mpya.

Kwa hiyo jana, wakati wakubwa bado wanaulizana habari za Maguu na habari za mazao, niliizunguka ile ya bluu peke yangu. Nilikuwa kama mtu anayetafuta kivuli. Niliinama. Kwa nyuma, chini kabisa, pale mkuku, ule mti mrefu wa chini, unapokutana na ubao wa nyuma, rangi ilikuwa imefanya malengelenge. Vichwa vya misumari mitatu vilikuwa vimetoa michirizi ya kahawia, kama chai iliyomwagika. Nilibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba na ukucha ukaingia.

Nikasimama nikachungulia ndani. Boti nzima ndani haijapakwa rangi, ni mbao tupu za kijivu, isipokuwa sehemu moja. Palepale nyuma, kwa ndani, kuna kipande cha ukubwa wa meza ya darasani kimepakwa bluu.

Kwa nini mtu apake rangi ndani mahali pamoja tu?

Nilirudi nikasimama nyuma ya Mama. Wakati huo Mzee Kasiani alikuwa anatualika chakula cha mchana leo, na Baba mkubwa alikuwa anakubali. Kwa mtu asiye wa kwetu hilo halina uzito. Lakini Baba mkubwa ana utaratibu ambao aliurithi kwa baba yake: hali chakula kwa mwenye mali mpaka awe ameridhika na mali. Akishanawa na kula hapo, amenunua. Hata kama hela haijatoka mfukoni, harudi nyuma. Amewahi kuchukua ng'ombe mwenye kikohozi kwa sababu alikuwa amekula ugali wa mwenye ng'ombe.

Jana tulipokuwa tunakula nyumbani nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza Baba mkubwa aliomba chumvi, nikampa. Mara ya pili alikuwa anamweleza Mama jinsi ile bluu itakavyoonekana kwa mbali, wateja waijue ikija. Mama alikuwa anatabasamu. Nilikuwa sijawahi kumwona Mama akitabasamu hivyo kwa jambo lake mwenyewe. Siku zote anatabasamu kwa mambo yetu.

Nilifunga mdomo.

Asubuhi hii nilimwambia mama mdogo tukiwa kwenye vichanja. Alisikiliza vizuri, akauliza maswali, akaniamini. Nikamwomba aseme yeye.

"Mimi?" alisema. "Babu Stefano ni jirani yangu, mwanangu. Nikifungua mdomo wataona nampigia debe. Sema wewe. Ni mama yako anayekwenda kukaa humo."

Nikaenda kwa Fundi Yohana. Alikuwa chini ya boti ya mtu, miguu tu ndiyo inayoonekana. Nilisimama mpaka akaona ndala zangu.

"Flora wa kimya. Leo umekuja kuninyamazia kwa karibu?"

Nikamweleza. Ilichukua muda. Alitoka chini, akapangusa uso, akacheka.

"Watu wa milimani! Mnanunua boti kama mnanunua kabati. Rangi safi, mlango unafunga, twende nalo."

"Naomba uje uwaambie, Fundi."

"Nije bila kuitwa? Nikisema mbovu, Mzee Kasiani ataninunia mpaka Pasaka. Nikisema nzima, nimedanganya. Hapana." Alichukua nyundo yake, kisha akaniangalia bila kucheka. "Wewe umeshaona. Mwambie mzee wako maneno matatu tu: tuiweke majini kwanza. Maneno matatu. Hata wewe unayaweza."

Njia nzima ya Kihagara, nyuma ya pikipiki, niliyarudia yale maneno matatu kama mtu anayekariri kanuni ya hesabu kabla ya mtihani. Nilipanga kuyasema tukishuka. Tukashuka, mke wa Mzee Kasiani akaja kutukumbatia. Nilipanga kuyasema kabla hatujaingia ndani. Tukaingia ndani. Mezani kulikuwa na samaki mkubwa, mbasa, aliyekaangwa kisha akaungwa, ugali umefunikwa, na watu wanakaa.

Kisha mke wa Mzee Kasiani akaniletea jagi na beseni, kwa sababu mimi ndiye mdogo kuliko wote.

Anayeanza kunawishwa ni mgeni mkubwa. Nilipiga goti mbele ya Baba mkubwa. Akanyoosha mikono juu ya beseni huku anaendelea kuongea na Mzee Kasiani. Na hapo nikaelewa kwamba maji ndiyo haya. Nikiyamimina, boti imenunuliwa, na mimi ndiye niliyemimina.

Sikumimina.

Baba mkubwa alingoja. Akatikisa vidole kidogo, kunikumbusha.

"Haya, mwanangu."

"Flora," alisema Mama, kwa ile sauti ya chini anayoitumia kanisani.

"Jagi halina maji nini?" aliuliza Mzee Kasiani. Mkewe akainama akachungulia. "Limejaa mpaka mdomoni."

"Baba mkubwa," nilisema, "tuiweke majini kwanza."

"Tuiweke nini?"

"Boti. Kabla hatujala."

Mikono ya Baba mkubwa ilikuwa bado juu ya beseni, mikavu. Niliitazama hiyo mikono kwa sababu sikuweza kutazama uso. Ina kovu moja la panga kwenye kidole cha shahada.

"Nani amekufundisha kuwasimamisha wazee na njaa yao?" aliuliza. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Mzee Kasiani akacheka. "Mwacheni tu. Hawa watoto wa milimani wanaogopa boti."

"Siogopi boti," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mama ndiye atakayekaa humo. Hajui kuogelea."

Sikuwa nimepanga kusema hilo. Mama alikuwa hajalisema mbele ya watu, na nadhani hakutaka lisemwe. Aliniangalia. Kisha akasimama, akafunga kanga vizuri kiunoni.

"Shemeji, twende tukaione ikiwa majini," alimwambia Baba mkubwa. "Samaki hatakimbia. Amekwishapikwa."

Mke wa Mzee Kasiani ndiye aliyecheka kwanza. Tukaenda.

Vijana wa jirani walisaidia kuisukuma juu ya magogo mpaka ikaelea. Dakika ya kwanza ilikuwa nzuri sana, bluu juu ya maji, na niliogopa kwamba nimekosea kila kitu. Kisha maji yakaanza kuingia. Yaliingia pande zote, nyuzi nyembamba nyembamba, ubavu wa kulia na wa kushoto.

"Inavuja pote!" alisema Baba mkubwa. "Kasiani, hii ni boti au kichujio?"

Na hapo ikabidi niseme tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu ilikuwa ni kumtetea mtu ambaye nimetoka kumharibia chakula chake. Nilisema hizo nyuzi si kasoro, ni ukavu, zitajifunga zenyewe siku mbili tatu. Ikiwa ni hizo tu, boti ni nzima. Nikasema kinachotakiwa ni kutazama mahali ambapo maji yanaingia kwa namna nyingine.

Wote wakainama. Pale kwenye kile kipande cha bluu cha ndani, maji hayakuwa uzi. Yalikuwa yanachemka taratibu kama chemchemi, na yalikuwa ya kahawia.

Nilimwomba Mzee Kasiani ruhusa ya kuchoma kwa kisu. Ilikuwa boti yake, nisingeweza kuichoma tu. Alitikisa kichwa kukubali, na mkewe akakimbia kuleta kisu cha jikoni. Nilikichoma kwanza kwenye ubao wa pembeni, wapaone panavyokuwa pazima: ncha ilishika, haikwenda. Kisha nikakichoma kwenye rangi. Kikaingia nusu bila nguvu yoyote. Nilipokigeuza, kikatoka kipande cheusi, laini, kama muhogo uliolowekwa ukapitiliza. Mbavu mbili za pale nyuma, ile miti ya ndani inayoshikilia mbao, nazo zilikuwa hivyohivyo upande wa chini. Na hapo nyuma ndipo injini inapofungwa. Hapo ndipo panapotikiswa kuliko mahali pengine pote.

Mzee Kasiani alikishika kile kipande, akakisaga kwa vidole.

"Niligonga jiwe mwaka juzi," alisema. "Nikaweka kiraka. Nilidhani yamekwisha."

"Nilikuambia umwite Fundi Yohana," alisema mkewe. "Wewe ukaita rangi."

Sijui kama kweli alidhani yamekwisha. Nimelifikiria jambo hilo njia nzima na bado sijui. Labda mtu akishapaka rangi na yeye mwenyewe anaanza kuiamini.

Kilichofuata kilinishangaza. Nilidhani Baba mkubwa atataka tuondoke. Lakini alirudi mpaka mlangoni, akasimama, akasema wazi wote wasikie: "Kasiani, leo tunakula kama wageni. Si kama wanunuzi." Mzee Kasiani akasema karibuni. Mimi nikachukua jagi nikamimina, na maji mengi yalikwenda kwenye viatu vya Baba mkubwa. Mbasa alikuwa amepoa lakini alikuwa mtamu.

Tulipofika Liuli, Baba mkubwa aliniita pembeni. Aliongea nami kwa Kimatengo, anavyofanya jambo likiwa la nyumbani kabisa. Maneno yake yalikuwa machache: kwa nini hukuniambia jana?

Alikuwa na haki ya kuuliza.

Jana tulikula pamoja, tukakaa barazani pamoja, na asubuhi nilimchemshia maji ya kuoga. Ningemwambia sisi wawili tu, angekwenda Kihagara akiwa anajua, angeuliza mwenyewe, na ingeonekana ni yeye aliyeona. Badala yake nilimwacha anyooshe mikono mbele ya watu halafu nikamwacha nayo hewani. Siku zote nimeambiwa, na mimi nimejiambia, kwamba ukimya wangu ni adabu. Leo ukimya wangu ndio uliomwaibisha. Kama ningekuwa na adabu ningesema mapema.

Nimemwomba msamaha. Alisema, "Haya." Kwa Baba mkubwa hiyo ni hotuba.

Kisha akauliza: "Na ile iliyozama?"

Nikamweleza, mara hii bila kukwama sana, kwa sababu alikuwa anatazama ziwa na si mimi. Kwamba hatujui bado. Kwamba kulala majini kunaonyesha mwenyewe anaijali, hakuonyeshi kwamba ni nzima. Kesho tutoe mawe, tumwage maji yote, tuikaushe ndani kwa kitambaa, halafu tukae tuone maji yanarudi kwa kasi gani na kutoka wapi. Tuchome kila ubavu kwa kisu, hasa nyuma kwenye injini, maana Babu Stefano alitumia injini miaka mingi. Tutafute viraka na tuulize kila kimoja kilitokana na nini. Mtu asimame mbele kabisa, afumbe jicho moja, atazame kama mkuku umenyooka mpaka nyuma, kwa sababu boti iliyopinda mkuku haitanyooka tena hata kwa fundi yeyote. Tutazame namba ya ubavuni kama ndiyo iliyo kwenye karatasi zake. Twende naye kwa mtendaji wa kijiji pamoja na watoto wake wakubwa, wasije wakasema kesho kutwa mzee aliuza bila wao kujua. Na mwisho tuipakie mchanga kwenye magunia, uzito uleule wa maharage ya Mama, ielee nao asubuhi nzima.

Alinifanya nirudie ile ya mkuku. Akafumba jicho moja akijaribu kwenye ufito wa uzio.

"Kesho wewe ndiye utakayesema," alisema. "Mimi nitasalimia."

Nilifikiri ningefurahi. Mama mdogo amefurahi, amekwisha kumsimulia kila aliyepita kununua usipa, na wa mwisho amesimuliwa kwamba nililitupa jagi chini. Sikulitupa. Mama amepita hapa kwenye ngazi mara moja, akaweka mkono kichwani pangu, akaenda kufunga magunia matupu ya kesho.

Mimi nina hofu mpya. Jana hofu yangu ilikuwa kusema. Leo ni kwamba wataniamini. Yote ninayoyajua nimeyasikia nikiwa nageuza usipa. Sijawahi kununua boti. Kunaweza kuwa na kitu ambacho Fundi Yohana hukiona na hakukisema siku ambazo nilikuwa nasikiliza. Nimemwomba aje kesho, na mara hii ameitwa na Baba mkubwa rasmi, kwa hiyo atakuja. Hilo limenipunguzia kidogo. Lakini Mama hatamtazama Fundi. Atanitazama mimi, na nikisema ingia, ataingia.

Jua linashuka na mama mdogo ananiita nikafunike vichanja. Nimeamua jambo moja na naliandika hapa ili nisilikimbie asubuhi. Magunia ya mchanga yakishapakiwa, Mama atabaki ufukoni. Nitaingia mimi kwanza, nikae juu ya magunia mahali ambapo yeye atakuwa anakaa, Fundi Yohana aisukume boti mpaka kwenye kina. Mimi najua kuogelea. Nitakaa huko mpaka nione sakafu ya boti ni kavu kwa macho yangu, na ndipo nitakaposema.